Kuuza na Kuuzisha

Mama yule aliniambia anataka kuuza vitenge, nami nikamwamini neno kwa neno. Ilikuwa asubuhi moja ya Septemba 2013, katika kituo cha mabasi yatokayo Kigali, jijini Kampala, na yeye alikuwa ameketi juu ya begi kubwa la milia huku jingine amelibana kati ya miguu yake, akimtazama kila aliyemkaribia kwa jicho la mtu aliyewahi kuibiwa. Nilipomwamkia kwa Kiswahili uso wake ulilegea. "Niko nataka kuuza bikwembe," akasema, "mingi, ya bei muzuri." Nikambebea begi dogo, nikamwambia anifuate.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali nje kidogo ya Kampala, lakini siku zile hatukuwa tukifundisha. Muhula wa tatu ulikuwa umefunguliwa kwa mgomo: walimu tulidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 20, na serikali ikajibu kwamba fedha hazipo. Mshahara wangu haukufika shilingi 300,000 kwa mwezi, na kabla haujanifikia mkononi ulikuwa umekwisha kumegwa na mkopo niliochukua ili kuezeka nyumba ya mama yangu. Sikuwa peke yangu katika hali hiyo. Mwalimu wa hesabu aliendesha boda boda kuanzia saa kumi na moja jioni, na wanafunzi wake wa darasa la saba walipopanda pikipiki yake hawakujua kama wamsalimu au waulize nauli. Mwalimu mkuu msaidizi alifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba ya shule, hata harufu yao ikafika ofisini. Na mwenzangu wa darasa la tatu alikuwa akikaanga kabalagala, vile vibibi vya ndizi, usiku, kisha anaamka saa kumi alfajiri kuzipeleka madukani kabla ya gwaride. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kushika. Mimi sikuwa na mtaji wa kuku wala leseni ya pikipiki. Nilikuwa na Kiswahili tu, nacho sikuwahi kukihesabu kuwa ni kitu.

Kiswahili hicho nilikipata katika kambi ya polisi ya Nsambya nilikozaliwa. Baba alikuwa sajini kutoka upande wa Mbale, mama alitoka Lira, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, nyumba yetu, kama nyumba nyingi za kambini, ilizungumza lugha ya paredi. Nje ya ukuta wa kambi mambo yalikuwa mengine. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na pengine hakuna jambo lililokiharibia jina zaidi ya hilo, kwa sababu wazee wengi wa Kampala walikisikia kwanza kutoka kwa mtu aliyeshika bunduki. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, lakini katika teksi za mjini ukikisema bado kulikuwa na mama aliyevuta mkoba wake karibu na kifua. Nilijifunza mapema kukiacha getini.

Aliyenifanya nikitoe tena alikuwa jirani yangu, Mganda mwenye kibanda cha vitenge katika mtaa wa Kiyembe, ambako vitambaa vimepangwa hadi darini na mafundi cherehani wamebanana vibarazani. Alikuwa akipoteza wateja wa Kongo kila wiki. Mizigo inayoshushwa Mombasa na kuingia nchini kwa Malaba na Busia huishia kwa wingi katika maduka ya jumla ya Kampala, hasa Kikuubo na vichochoro vinavyokizunguka, na kutoka hapo husafiri tena hadi Kongo na Sudan Kusini. Kwa hiyo mteja anayenunua robota zima kwa siku moja mara nyingi ni mtu asiyejua hata neno moja la Kiganda. Jirani yangu alijua kuhesabu kwa Kiswahili mpaka ishirini, akikwama hapo anatumia kikokotoo. "Musomesa," yaani mwalimu, aliniambia jioni moja tulipokuwa tukichota maji, "wewe kila Jumamosi umekaa tu, na mimi nakosa fedha kwa ajili ya ulimi." Tukakubaliana shilingi 15,000 kwa siku, na chochote ambacho mteja angenipa kiwe changu.

Kwa miezi kadhaa kazi ilikwenda bila tatizo, kwa sababu wateja niliwakuta dukani. Mtu aliyesimama mbele ya kitambaa, akanyosha kidole na kuuliza bei, hahitaji kitenzi chochote. Kila kitu kimekwisha kujulikana. Lakini wiki ile ya mgomo nilikuwa huru siku zote tano, na jirani yangu akanishauri niende vituoni kuwatafuta wateja mwenyewe kama wafanyavyo madalali. Mama yule wa begi la milia, aliyetoka Goma, Kongo, ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikuwa amekwepa njia ya mpaka wa Bunagana, ambayo siku zile ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23, akazunguka Rwanda kwa Gisenyi na Kigali na kuingia Uganda kwa Gatuna.

Aliposema kuuza, basi, sikushangaa hata kidogo. Vitenge vya Kongo vina sifa Uganda nzima, na wako wanawake wanaovileta Kampala na kurudi na fedha. Mabegi yake mawili yalinithibitishia. Jirani yangu hanunui mali ya Kongo, kwa hiyo nikapita mbali na duka lake na kumpeleka kwa wafanyabiashara wengine niliowasikia wakiisifu. Katika duka la kwanza nilimweleza mwenye duka kwa Kiganda kwamba mgeni wangu ana mzigo mzuri. Akasema hana fedha wiki hii, watu wote wamekaza mikono. Duka la pili lilikuwa hivyo hivyo. Mama alisimama nyuma yangu akitazama rafu zilizojaa vitambaa, akitazama na kichwa cha mwenye duka kikitikisika, na nilipogeuka kumwambia twende mbele, niliona machoni mwake kitu nilichokidhania kuwa uchovu wa safari.

"Wanakataa juu ya nini?" akaniuliza. "Franga iko."

Ningesimama pale nikalifikiria neno hilo la mwisho, saa mbili zilizofuata zisingepotea. Mtu anayeuza ana haja gani ya kutangaza kwamba fedha ipo? Lakini nilikuwa na kiburi cha mtu anayelipwa kwa kujua lugha, na kiburi cha namna hiyo hakiulizi maswali. Nilimjibu kwamba fedha itapatikana, asiwe na wasiwasi.

Katika duka la nne mwenye duka alikubali. Alikuwa mzee mpole mwenye miwani, akasogeza kitabu chake cha hesabu pembeni na kusema vema, afungue tuone. Nikainama kufungua zipu ya begi kubwa. Mama akapiga yowe. Alilirukia begi lile na kulikumbatia, akasema kwa sauti ya juu maneno ambayo nusu yake sikuyaelewa, ila neno mwizi, ambalo linafahamika kila mahali. Katika vichochoro vile neno hilo halisemwi mara mbili. Watu walijaa mlangoni kabla sijajinyoosha mgongo, mmoja akanishika mkono kwa juu, na mimi mwalimu wa watoto tisini na wawili nikaanza kujieleza kwa lugha tatu kwa wakati mmoja bila kumaliza sentensi hata moja.

Aliyeniokoa alikuwa mchukuzi. Alipita na robota la nguo kichwani, kijana mwembamba wa Bukavu, Kongo, ambaye nilikuwa nimewahi kumwona akipakia magari ya jirani yangu, akasikia lafudhi ya kwao na kusimama. Alitua mzigo, akazungumza na mama kwa dakika mbili hivi, akamsikiliza, kisha akaanza kucheka kiasi cha kujishika mbavu. Nilikaribia kumchukia.

"Madamu," akaniambia, "huyu mama hauzishi. Anauza."

Nikamwambia ndiyo, anauza, ndivyo nilivyowaambia watu tangu asubuhi.

"Hapana. Kwetu kuuza ni kile ninyi mnaita kununua. Mtu wa duka ndiye anauzisha. Mama ameleta dola, ameleta na magunia matupu ya kufungia mzigo. Na wewe unataka kufungua begi yenye iko na dola yake."

Kimya kilichofuata kilikuwa kifupi, kwa sababu mzee mwenye miwani alikivunja kwa kicheko, na umati ulipotafsiriwa kisa kwa Kiganda nao ukacheka, na mkono ulionishika ukaniachia na kunipigapiga begani. Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kucheka. Alipoelewa kwamba hakuna aliyekataa kumuuzia, kwamba wale watu wa maduka matatu ya kwanza walikuwa wakikataa kununua kitu kisichokuwapo, aliketi juu ya begi lake na kusema, "Mimi nilisema batu ya Kampala banatuchukia." Aibu niliyoisikia wakati ule haikutokana na kosa la neno. Nilikuwa nimemtembeza mwanamke wa umri wa mama yangu kutoka duka hadi duka kwa zaidi ya saa mbili, akiamini kwamba anafukuzwa, na sikumuuliza hata mara moja anachokiona.

Nilimwomba radhi. Nilimpa pia mchukuzi shilingi 2,000, fedha niliyokuwa nimeiweka kwa nauli ya kurudi, na mimi na mama tukala rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, kwa mwuza chapati aliyekuwa karibu, mayai mawili kila mmoja, ambayo mama alikataa kabisa nilipe.

Kutoka hapo kazi ilienda haraka, ingawa duka la kubadilisha fedha lilituchelewesha. Alikuwa na noti kumi na moja za dola mia, na kwa kuwa kwao dola iliyochanika hata ukucha mmoja haipokelewi, alikuwa amezikagua zote pembeni, zikiwa safi kama karatasi ya mtihani. Hakujua kwamba Kampala hutazama zaidi mwaka uliochapwa. Noti tatu zilikuwa za mwaka 2003, na keshia akazishusha bei chini ya zile nyingine, ambazo siku hiyo zilibadilishwa kwa zaidi kidogo ya shilingi 2,500 kwa dola. Safari hii niliuliza kila kitu mara mbili kabla ya kutafsiri. Mama alikasirika, akazirudisha zile tatu kifuani, kisha akazitoa tena kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

Kiyembe alichagua kwa saa nzima. Alipapasa kila kitambaa kati ya vidole viwili, akakinusa, akakikunja na kukiachia aone kama kitabaki na makunyanzi, na jirani yangu, ambaye hununua kwa robota bila kufungua, alimtazama kwa heshima iliyochanganyika na karaha. Walipofikia kupatana bei ya vipande 120 vya yadi sita, jirani aliniuliza kwa Kiganda, akitabasamu ili mama asishuku, kama aniongezee shilingi 1,500 juu ya kila kipande. Bei yake halisi ilikuwa 21,500. Cha juu hiki si siri katika maduka yale, kila dalali anacho, na jirani yangu alikuwa akinitendea wema. Nilipiga hesabu kichwani kwa kasi ambayo wanafunzi wangu wangeishangaa: 180,000, zaidi ya nusu ya mshahara wangu, kwa mchana mmoja, wakati shule imefungwa na hakuna aliyejua mwisho wa mgomo.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikataa. Nilisema 500. Sijui nilikitoa wapi kiasi hicho. Labda kilikuwa kipimo cha aibu yangu ya asubuhi, kwa sababu siku nyingine yoyote ningechukua elfu moja bila kupepesa jicho. Mama akalipa 22,000 kwa kila kipande, akahesabu noti zake mara tatu, tukafunga magunia kwa kamba ya katani, na yule kijana wa Bukavu akaitwa kuyabeba.

Jioni, mizigo ilipokuwa ikipandishwa juu ya basi, mama alifungua fundo la kitenge chake na kunipa noti ya dola kumi, yenye mwaka mzuri. Nilipomshukuru aliendelea kuushika mkono wangu.

"Na ule wa duka alikupatia ngapi?"

Nilifikiri kusema uongo, lakini nikakosa nguvu ya kukosea tena siku hiyo hiyo. Nikamwambia: 60,000.

Alifikiri kidogo, midomo yake ikitembea. "Ule wa mwaka jana alikula mingi kuliko," akasema, bila hasira, kama mtu anayelinganisha bei za chumvi. Kisha akatoa simu yake ya vitufe na kuniambia niandike namba yangu, kwa sababu angerudi mwezi wa Desemba kuuza viatu vya watoto. Niliandika namba nikamrudishia aweke jina mwenyewe. Alibonyeza polepole, herufi moja moja, huku utingo akimwita apande, na aliponionyesha kioo kuhakikisha namba ni sahihi, nilisoma: Mwalimu Kuuzisha.