Siku moja na mawakili wapya: kutoka hati ya mashtaka hadi maswali ya dodoso

Saa 2:00 asubuhi. Katika mazoezi haya ya mahakama ninayowaongoza, hakuna anayesimama kabla ya kusoma hati ya mashtaka kalamu ikiwa mkononi. Chukua wizi: kitu kilichukuliwa, ni mali ya mtu mwingine, hakuridhia, na mchukuaji alinuia kumnyima mwenyewe mali hiyo daima. Kila jambo linapewa mstari wake, na mkabala wake jina la shahidi au kielelezo cha kulithibitisha. Mstari ukibaki mtupu, utetezi una pa kuanzia. Mawakili wapya hupenda kuthibitisha kwamba mteja hana hatia, ilhali tangu shauri la Woolmington lililoamuliwa Uingereza mwaka 1935 msimamo uko wazi: mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka.

Saa 3:30. Kujibu shtaka. Mshtakiwa akisema “ndiyo nilimpiga, lakini alinianza yeye,” huko si kukiri kosa. Wakili asimame papo hapo, aombe iandikwe kuwa amekana. Baada ya hapo kila mmoja ana dakika 5 za kuomba dhamana: makazi, wadhamini, na hoja ya kujibu hofu kwamba atatoroka au atavuruga mashahidi. Anayezitumia kueleza mteja wake ni mtu mwema nampunguzia alama.

Saa 4:30. Kisu ndani ya bahasha iliyofungwa, na mmoja anacheza askari aliyekikamata. Shahidi kwanza aeleze atakitambuaje: mpini wenye ufa, herufi alizoandika kwenye lebo. Ndipo aonyeshwe, akitambue, aombe kipokelewe. Upande wa pili uulizwe kama una pingamizi, mahakama iamue, kipewe namba. Kosa la kila kundi ni kuinua kisu juu na kuuliza, “Ndicho hiki?” Hapo wakili ameshamtambulia shahidi wake. Nyaraka nazo zina mtego: zinasomwa baada ya kupokelewa, si kabla.

Wakati huohuo nawataka watazame kalamu ya hakimu. Pale anapoandika mwenyewe kwa mkono, swali jipya lisubiri kalamu itulie. Shahidi akinyoosha kidole na kusema “alisimama pale,” kumbukumbu ya mahakama itabaki na “pale” tupu, na mahakama ya rufaa haitaona kidole. Wakili aseme: “Mheshimiwa, naomba iandikwe kuwa shahidi ameonyesha umbali wa takribani hatua kumi.”

Saa 8:00 mchana. Maswali ya dodoso, yaani ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, nayo hula sehemu kubwa ya alasiri. Shahidi anadai alimtambua mvamizi usiku. Wakili mpya anarusha swali moja: “Kulikuwa na giza, ulikuwa mbali na uliogopa, siyo?” Shahidi anajibu, “Hapana,” na hakuna ajuaye amekana lipi. Tunalivunja, jambo moja kwa kila swali:

“Ilikuwa saa nane usiku?”
“Taa pekee iliyowaka ilikuwa ya jirani?”
“Kati yako na taa hiyo kuna ukuta?”
“Mtu huyo alikupa mgongo akikimbia?”

Kisha kaa chini. Swali la tano, “Sasa ulimtambuaje?”, linampa nafasi ya kuziba kila tundu ulilotoboa. Mwongozo wa mambo ya kugusa upo katika Waziri Amani, uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania wa mwaka 1980: muda wa kumwona, umbali, mwanga, na kama shahidi alimfahamu kabla.

Kukaa chini mapema kuna mpaka wake, na hapa wengi huchanganyikiwa. Kama utetezi wako ni kwamba mteja alikuwa kwingine, lazima umwambie shahidi hivyo usoni ili ajibu. Ni kanuni ya Browne v. Dunn, shauri la Uingereza la 1893. Usipofanya hivyo, mteja akija kulisema kizimbani litaonekana limetungwa jana. Liweke kama kauli, pokea “si kweli,” endelea.

Saa 10:00. Hoja kwamba hakuna kesi ya kujibu, yaani ushahidi wa mashtaka hautoshi kumtaka mshtakiwa ajitetee. Ile karatasi ya asubuhi inarudi mezani, na anayejaza mistari mitupu kwa maneno makali anarudishwa kwenye ushahidi.

Saa 11:00 jioni. Marekebisho: kosa moja tu kwa kila mtu, lisomwe jinsi lilivyoandikwa kwenye kumbukumbu. Kisha anasimama tena na kumuuliza shahidi yuleyule swali hilohilo, safari hii fupi.