Ufunguo Mpya Ulizungusha Swichi, Injini Ikagoma

Baada ya kuchongesha ufunguo wa akiba wa gari langu lililoagizwa kutoka Japani, nilikutana na jambo la ajabu: swichi ilizunguka vizuri, injini ikanguruma kwa sekunde mbili, kisha ikazimika. Nilishuku pampu ya mafuta, na nusura niinunue.

Kilichoniokoa ni taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi, ambayo kwa ufunguo wa zamani huzimika mara moja, lakini kwa ule mpya iliendelea kupepesa. Nilipoushikilia ufunguo wa zamani ubavuni mwa swichi huku nikizungusha ule mpya, gari liliwaka na kutulia.

Jibu, basi, lilikuwa kwenye kichwa cha plastiki cha ufunguo. Ndani ya ule wa zamani mna chipu ndogo isiyohitaji betri, kwa kuwa koili, yaani waya uliosokotwa, iliyoizunguka swichi huipa nguvu kwa mawimbi ya redio, nayo hujibu kwa namba yake ya siri. Kompyuta ya gari isipoitambua namba hiyo, hukata mafuta au cheche za plagi. Ndiyo maana mwizi mwenye ufunguo wa kuchonga tu, au anayeunganisha nyaya, hafiki mbali, na Umoja wa Ulaya uliulazimisha mfumo huu kwa magari mapya tangu 1998.

Fundi umeme wa magari aliweka chipu tupu, akachomeka mashine yake chini ya usukani, akaisajili kwa msaada wa ufunguo wa zamani. Taa ikazimika.