Kilimi cha 14: F imekubali kusimama

Imeitika! Baada ya wiki sita za kuchonga tete na kuzitupa, jana usiku noti ya F ya kati ilisimama kwenye oboe yangu ya Baroki, ala ya kupuliza ya mtindo wa kale inayolia kwa kilimi: vipande viwili vya tete vilivyofungwa kwa uzi kwenye mrija. Haikupanda, haikukoroma. Nimeishikilia mpaka pumzi ikaniishia.

Wenye oboe za funguo mbili mnaijua F hii: kidole cha shahada na cha pete vya mkono wa kulia chini, cha kati juu, halafu unamwachia kilimi aamue. Vilimi vyangu 13 viliamua vibaya. E safi, G safi, katikati yao F yenye mafua. Nikakwangua ncha, nikakwangua mgongo, nikafupisha. Tete ikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu, F ni ileile.

Kumbe ncha haikuwa na kosa. Niliibana kwa vidole, nikakizamisha kilimi kwenye bilauri ya maji hadi kwenye uzi, nikapuliza kupitia mrija wa shaba. Viputo viwili vidogo vikachomoza ubavuni, pale uzi unapoishia. Upepo ulikuwa unavuja! Nikazungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba, mizunguko miwili, basi. Wiki sita nzima nilikuwa nakwangua mahali pazima.

Na visu vya kuchongea vilimi: acheni kununua vya bei kali. Nunueni jiwe zuri la kunolea. Programu ya simu ya kupimia sauti nayo nimeiweka kando. Nashusha kinanda nusu toni kilingane na oboe yangu, nabonyeza F, nasikiliza kwa sikio langu.

Yote haya ni kwa ajili ya mtunzi na mpiga oboe Giuseppe Sammartini. Alizaliwa Milano mwaka 1695, baba yake Mfaransa, naye pia mpiga oboe. Akahamia London, akapiga kwenye okestra ya opera ya mtunzi Handel, na ndani ya opera Arminio ya 1737 Handel akamwekea aria (wimbo wa mwimbaji mmoja), “Quella fiamma”, ambamo oboe inashindana na mwimbaji. Tangu 1736 hadi kifo chake mwaka 1750 alifundisha muziki nyumbani kwa Mwanamfalme wa Wales. Na ustadi wote ule aliupitisha kwenye tete mbili zilizofungwa kwa uzi, kama zangu. Hilo linanisisimua kila ninaposhika kisu.

Leo nilipanga kumaliza sonata yake ya oboe. Sijaigusa. Badala yake nimefungua Opus 1 yake, kitabu chake cha kwanza, kwenye sonata za filimbi mbili na besi. Zile za Opus 3 nimeziacha kwa kuwa ni za fidla, na fidla inashuka mpaka chini ya C, ambako oboe haifiki. Filimbi inaishia D, kwa hiyo oboe inaiweza! Nikarekodi sauti ya pili kwa simu, kisha nikapiga ya kwanza juu yake. Zilipokutana kwenye F, hazikugombana.

Kesho natafuta mtu wa besi.