Nilivyolisafisha jina langu chamani

Chama chetu cha akina mama hapa Malindi ni cha zamu: kila wiki tunatoa, mmoja anapokea. Mweka hazina ni mimi. Zamu ya mwenzetu mmoja ilipochelewa, alituma sauti kwenye grupu la WhatsApp akidai nimezila pesa zake. Kufikia adhuhuri sauti ile imeshasambaa hadi kwa watu wasionijua. Mimi napika mahamri na mbaazi, na nazi huchukua kwa mkopo. Siku ile muuza nazi akaniambia, "Leo taslimu tu, mamangu." Iliniuma sana.

Dada yangu alitaka nijibu kwa sauti papo hapo. Nikakataa, kwani watu wakishasikia wawili wanarushiana maneno, hawajali tena nani alianza. Nikaihifadhi sauti ile isije ikafutwa, nikapiga picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe, kisha nikaenda saiba kuchapisha taarifa yangu ya M-Pesa.

Nilimwona pia wakili. Alinieleza kwamba mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichokuwa kikimfunga mtu kwa kumchafulia mwenzake jina. Kwangu aliona inayofaa ni kesi ya madai, nayo lazima ifunguliwe kabla ya miezi 12 kupita. Tena Mahakama ya Madai Madogo haipokei kesi za kashfa. Nilimshukuru, lakini fidia sikuitaka. Nilitaka masikio yaliyosikia uongo yasikie ukweli.

Basi nikamwomba Bi Mwenyekiti aitishe kikao, na mzee wa mtaa awepo. Kila anayetoa pesa hutia sahihi kwenye daftari letu la jalada gumu. Bi Mwenyekiti akavaa miwani, akaanza kusoma mstari kwa mstari, akimwonyesha kila mmoja kwa kidole: "Sahihi hii ni yako?" "Yangu." "Na hii?" "Yangu, Bi." Wengine walichoka, wakasema yatosha. Nikawasihi waendelee. Mwishowe kidole kikafika penye nafasi mbili tupu, za mwanachama mmoja ambaye hakuwa ametoa. Upungufu ulikuwa hapo. Karatasi za M-Pesa zikalingana na daftari, shilingi kwa shilingi.

Aliyenisingizia akanishika mkono. "Dada, niwie radhi." Nikamwambia nimemsamehe kwa moyo mmoja, ila radhi ya chumbani haitanitoa doa la mjini. Aitume kwa sauti yake, kwenye grupu lile lile, na kila aliyeipeleka ya kwanza aipeleke na ya pili. Mzee wa mtaa akaniunga mkono. Yule aliyenisingizia akairekodi pale pale, mbele yetu, akitaja jina langu kamili.

Wapo ambao hadi leo sauti ya pili haijawafikia. Hao nawafuata mmoja mmoja, na karatasi zangu ninazo mkobani.