Jiwe la Kuanikia

Asubuhi aliyokuja mthamini, jiwe letu lilikuwa limejaa michembe, vipande vya viazi vitamu vya kukausha, toka ukingo hadi ukingo. Ilikuwa Julai 2003, Buswelu, na viazi mwaka ule vilikubali. Bibi na shangazi zangu walishinda siku tatu wakimenya na kukata. Mimi na binamu zangu tulikuwa na kazi ya kufukuza mbuzi na kuku.

Jiwe ninalolisema si la kubebeka. Ulikuwa mwamba mpana, umelala sawa na ardhi, umeinama kidogo kuelekea ziwani, kiasi kwamba mvua ikinyesha maji hayatuami. Hapo tulipura mtama, tukaanika michembe na dagaa. Mchana mijusi yenye vichwa vyekundu iliota jua pembeni, na jua likizama jiwe lilibaki na joto, wazee wakakaa hapo kuzungumza hadi giza liingie. Pembe moja ilikuwa na kishimo laini kama kiganja. Bibi alisema alikikuta hivyo alipoolewa, kimechimbika kwa kusagia nafaka, na mama mkwe wake naye alikikuta.

Tulijua wangekuja. Bikoni, alama za wapima viwanja, zilikwisha kusimikwa kwa majirani. Kwenye karatasi tulikuwa ndani ya Jiji la Mwanza tangu lilipotangazwa mwaka 2000, lakini sisi tulijiita kijiji na tuliishi kijiji: usiku fisi, alfajiri ng'ombe, na ukitaka mjini unatembea hadi barabara ya Musoma ndipo upate daladala. Mwenyekiti alituita chini ya mwembe akatuambia mashamba yanageuzwa viwanja, na kila mwenye mali atalipwa fidia.

Mthamini alikuwa kijana, na alikuwa mstaarabu. Hilo nalisema wazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Kaa kwanza, ule."

Alikaa. Alikula matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga, akanywa maji, ndipo akafungua fomu. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kidato cha pili, bibi aliniambia nisimame karibu naye niangalie kila anachoandika. Tukazunguka itongo lote. Nyumba ya matofali ya tope, choo, zizi. Miembe 11, na mpaka siku ile sikuwa nimewahi kuihesabu. Mipapai, migomba michache, muhogo. Uzio wa minyaa ambao babu aliupanda kwa mkono wake, mthamini aliupima kwa futikamba, mimi nikimshikia ncha ya pili. Kaburi la babu nalo aliliandika, maana lingehamishwa. Hapo bibi alitazama pembeni na hakusema kitu.

Tuliporudi uani, alinyoosha fimbo yake.

"Na hili?"

"Hilo ni jiwe, bibi."

"Liandike."

"Jiwe halilipwi. Tunaandika ulichojenga na ulichopanda."

"Huko tunakokwenda, nitaanika wapi?"

Kijana alitazama michembe, akamtazama bibi, kisha akanitazama mimi kama vile ningeweza kumsaidia. Bibi aliuliza tena, kwa sauti ileile, bila ukali. Mwishowe kijana alichukua penseli, akaandika pembeni kabisa mwa fomu, nje ya mistari: mwamba wa kuanikia, 1. Akamwonyesha. Bibi hakujua kusoma, lakini alinigeukia, nami nikamwambia ni kweli, ameandika.

Orodha iliyochapwa tuliipata miezi mingi baadaye. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Nilimsomea bibi mstari kwa mstari: miembe, zizi, minyaa, posho ya usumbufu, posho ya usafiri. Nilipomaliza akaniambia nirudie. Nikarudia. Jiwe halikuwemo. Akaweka dole gumba palipotakiwa, akafuta wino kwenye kanga.

Ukubwani niliisoma Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ile inayotaka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Niliisoma nikitafuta mahali ambapo bibi angesimama na kudai. Kijana yule hakutudanganya, na simlaumu mpaka leo. Ninachoshindwa kukimeza ni kilichofuata. Tulipokwisha kuhama, aliyekipata kiwanja kile aliwaleta wapasua mawe. Waliliwashia moto wa magogo na matairi, wakalimwagia maji likiwa limeiva, likapasuka. Nyundo zikafuata. Shangazi yangu alipita akakuta kokoto zinapakiwa kwenye lori, zinauzwa kwa tripu. Jiwe lisilolipwa lilikuwa na bei, na bei yenyewe ilitajwa mbele yake. Kishimo cha kusagia alikitafuta kwenye lundo, hakukiona.

Buswelu ya sasa ndiyo makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, iliyoanzishwa mwaka 2012. Maji ya bomba yapo, umeme upo, na binti yangu hafuati daladala kwa miguu saa nzima. Nafurahia hayo kwa moyo wote. Lakini tukikutana matangani, wenyeji wa zamani huanza kuulizana: kisima kilikuwa wapi, njia ya kwenda mbugani kwenye majaruba ya mpunga ilipita uani kwa nani, mwembe ule wa mkutano uliangukia ukuta gani. Hubishana hata kwa hasira. Kuhusu jiwe letu hakuna anayebisha. Kila mmoja anajua lilipokuwa, kwa sababu mama yake aliwahi kuja kuomba nafasi ya kuanika.

Bibi tulimhamishia upande wa Kisesa, kwenye udongo mzuri usio na mwamba. Msimu wa kwanza alitandaza michembe juu ya mabati yaliyobaki kwenye ujenzi. Bati likishika jua linaunguza upande wa chini, kwa hiyo ilibidi aigeuze kila mara, ameinama, mchana kutwa. Nilimwambia nitamnunulia turubai. Akasema sawa. Kisha akachukua mchembe mmoja uliokauka, akauvunja, akaunusa, akanipa nami ninuse.

"Bati," alisema.