Siku moja maishani mwangu: tope, chekecheke na kinyesi cha mbuzi

Saa moja na nusu asubuhi. Nifikapo maabara, hapa Uswisi, huanza kwa kutoa katika chumba cha baridi mifuko ya tope kutoka Arbon Bleiche 3, kijiji cha wakulima kilichokuwa kando ya Ziwa Constance na kuchimbuliwa kati ya 1993 na 1995. Pete za ukuaji wa miti iliyotumiwa kama nguzo zinaonyesha kuwa nyumba zilianza kujengwa mwaka 3384 KK. Miaka kumi na mitano hivi baadaye kijiji kikateketea kwa moto. Tabaka zake zilibaki zimelowa, mahali pasipofikiwa na oksijeni, na kwa sababu hiyo mbegu, majani na matawi havikuoza. Sampuli hairuhusiwi kukauka, kwani mbegu ya namna hiyo ikikauka hunyauka na kupasuka.

Saa mbili. Aliyewahi kuosha mchele wenye mawe, akiumimina pamoja na maji kutoka bakuli hadi bakuli ili mawe yabaki chini, anaujua ufundi huu tayari. Mchanga huzama, na mabaki mepesi ya mimea hufuata maji hadi kwenye chekecheke mbili: ya juu ina matundu ya milimita 2, na ya chini ya milimita 0.35.

Saa nne naketi kwenye hadubini. Chekecheke ya juu hutoa vipande vya tufaha mwitu, maganda ya kokwa na vitumba vya kitani. Ile ya chini hutoa mbegu za mpopi wa afyuni, zenye umbo la figo na uso uliojaa vishimo kama wavu. Wageni wa makumbusho hupenda mashoka ya mawe, nami siwalaumu, ila shoka halisemi mifugo ilikula nini mwezi wa Februari.

Saa nane mchana ndiyo saa niipendayo, kwa kuwa nafungua tembe za kinyesi. Ni za mbuzi au kondoo. Kwa sura tu hatuwezi kuwatofautisha. Nalowesha tembe moja, naichambua kwa kibano, na ndani yake hujitokeza sindano za msonobari zilizotafunwa, vijiti vya matawi machanga na miiba midogo ya vichaka vya beri. Mwenzangu anayechunguza chavua hupewa kipande cha tembe hiyohiyo, naye hukuta chavua nyingi ya miti inayochanua mwishoni mwa majira ya baridi, kabla majani hayajachipua. Kutokana na ushahidi wa namna hiyo tunajua kwamba mifugo ililishwa matawi wakati malisho mengine yalikuwa haba, na kwamba angalau sehemu yake ilikaa kijijini, kwani kinyesi kimekutwa katikati ya makazi.

Saa kumi jioni huja matokeo ya vimelea. Katika tabaka za Arbon yamepatikana mayai ya tegu wa samaki, ambaye humwingia mtu anayekula samaki wa maji baridi akiwa mbichi au hakuiva vizuri. Ziwa lililowalisha liliwaambukiza pia, jambo ambalo mifupa ya samaki peke yake isingetuonyesha. Sampuli ya kesho imeshawekewa lebo: inatoka sakafu ya nyumba jirani, nami nataka kuona kama nayo ina tembe.