Nilivyosahihisha Vipimo vya Volti Visivyo vya Kweli

Kompyuta ya hesabu ya nyumba moja ya wageni hapa Langoni, Lamu, ilianza kutoa onyo jekundu mara tu ilipowekewa mfumo wa Linux: laini ya volti 12 ilisomeka 1.82, na ya volti 5 ikasomeka 1.67. Mwenyewe alikwisha kuamini kwamba pawa saplai, yaani kifaa kinachoipa kompyuta umeme, imekufa. "Mwanangu, kama ni ya kuagiza Mombasa, niambie mapema iwahi basi," alisema. Nikamjibu, "Subiri kwanza, mama, tuipime."

Laini ya volti 12 ndiyo inayozungusha feni na kulisha saketi za prosesa. Ingekuwa imeshuka kweli chini ya volti 2, mashine isingewaka, seuze kufungua daftari za hesabu. Tena BIOS yenyewe, yaani programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta kabla ya Linux, ilionyesha volti 12 bila wasiwasi wowote.

Nilifungua kasha mashine ikiwa inafanya kazi, nikatafuta plagi ya pini nne isiyotumika, na kwa kuwa hewa yetu ya chumvi huziotesha pini kutu, nilizikwangua kidogo kwa ncha ya multimita, kifaa cha kupimia volti, kabla ya kuamini namba yoyote. Ncha nyeusi ikiwa kwenye waya mweusi, waya wa njano ulitoa 12.05 na mwekundu 5.02. Kiwango cha ATX, ambacho pawa saplai za kompyuta za mezani hufuata, kinaruhusu tofauti ya asilimia 5, yaani kati ya 11.40 na 12.60 kwa laini ya kwanza, na kati ya 4.75 na 5.25 kwa ya pili. Pawa saplai ilikuwa nzima.

Tatizo lilikuwa katika hesabu. Chipu ya vihisi, inayopima volti kwenye ubao mama huo, haiwezi kupokea zaidi ya volti 2 hivi, kwa hiyo mtengenezaji huweka rezista mbili za kuigawa volti kabla haijaifikia. BIOS hutengenezwa kwa ajili ya ubao wake, hivyo inaujua uwiano huo. Linux haiujui, kwa sababu kila mtengenezaji huchagua rezista zake. Nilipogawa 12.05 kwa 1.824 nilipata 6.6, ambao ndio uwiano wa rezista za kiloomu 56 na 10: jumla yake, 66, gawanya kwa 10. Kwa laini ya volti 5 uwiano ulikuwa 3, yaani rezista za kiloomu 20 na 10: 30 gawanya kwa 10.

Katika saraka ya /etc/sensors.d niliandika faili fupi lenye mstari "compute in1 @*6.6, @/6.6" na mwenzake wa volti 5; in1 ni mlango wa chipu unaosoma laini ya volti 12, na @ ni namba yenyewe. Sehemu ya kwanza hukuza kipimo kinachosomwa; ya pili huipunguza mipaka ya tahadhari inapoandikwa kwenye chipu, na bila hiyo onyo lingebaki palepale. Milango ya chipu isiyounganishwa na kitu, ambayo husoma namba za ovyo, niliifuta kwa neno "ignore".

Ilibaki betri ya CR2032, ile ndogo ya duara inayoitunza saa ya kompyuta umeme ukiwa umekatika, iliyosomeka 2.58. Hiyo hugawanywa ndani ya chipu yenyewe na Linux inaujua uwiano wake, hivyo sikuwa na sababu ya kuikanusha. Nilipouliza, mama alikiri kwamba saa ya kompyuta hurudi nyuma kila umeme unapokatika. Tulinunua betri dukani hapo hapo mtaani, na kipimo kikapanda hadi 3.20.